Tusimpime Mwombaji kwa Umbali wa Kwao

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Segese, Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga.)



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana wetu na vyuo vikuu. Jambo hili ni kubwa, na mtu akitaka kulieleza lote atakesha. Kwa hiyo nitalichukua kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa jibu tunalowapa vijana wanapotuuliza.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kijana wa hapa humwendea mwalimu wake, au mtendaji wa kijiji, au mjomba aliyepata kufanya kazi mjini, akamwuliza swali fupi: "Nikiomba chuo fulani, nitapata?" Jibu la swali hilo laweza kumpeleka kijana Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Laweza pia kumrudisha kwenye maduara ya dhahabu. Kazi ya duara ni kazi halali, na wengi wetu tumesomeshwa na jasho lake. Lakini ni jambo moja kijana kuichagua kazi hiyo, na ni jambo jingine kabisa kuingia humo kwa sababu mtu anayemheshimu alimwambia hana pengine pa kwenda.

Majibu tunayotoa kwa kawaida ni ya namna tatu. Wapo wanaosema, "Omba tu, Mungu yupo, utapata." Wapo wanaosema, "Vyuo vile ni vya watoto wa mjini, usijisumbue." Na wapo wanaokaa kimya, kwa kuwa hawajui na wanaona haya kusema hawajui. Majibu yote matatu yana kosa moja: hayakupima kitu chochote. Mchimbaji mdogo wa Segese hahukumu jiwe kwa rangi yake wala kwa mahali lilipookotwa. Hulitwanga, akalisaga, akaliosha kwenye karai, ndipo akasema lina kitu au halina kitu. Nasi tunaokabidhiwa watoto wa watu hatuna budi kufanya kazi ya namna hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Ndugu zangu, hebu kwanza tuulize: je, ni kweli kwamba mtu anayetoka mbali hupunguziwa nafasi chuoni kwa sababu ya mahali atokako? Zipo nchi ambazo jambo hilo ni kweli, tena limeandikwa katika kanuni. Nchini Marekani, vyuo vikuu vya umma ni mali ya majimbo, na kila jimbo huwatazama kwanza watoto wa walipa kodi wake. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kiliwekewa kanuni mwaka 1986 kwamba wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo hilo wasizidi 18 katika kila 100. Maana yake ni kwamba vijana wawili wenye alama zilezile, mmoja wa jimboni na mwingine wa nje, hawasimami mahali pamoja mbele ya mlango ule. Mwalimu wa huko akiulizwa na mwanafunzi wa jimbo jingine, "Nitapata?", hana budi kuhesabu na kanuni hiyo.

Majirani zetu wa Uganda walikwenda njia ya kinyume. Tangu mwaka 2005, sehemu ya nafasi 4,000 ambazo serikali yao hulipia kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma hutengwa kwa wilaya, ili kila wilaya ipate watu wake. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kiliwaongezea waombaji wanawake pointi 1.5. Huko mahali atokapo mtu na jinsia yake vimehesabiwa kwa faida ya yule aliyekuwa nyuma. Nao utaratibu huo una manung'uniko yake. Wapo walioulalamikia kwamba watoto waliosoma katika shule nzuri za Kampala huchukua nafasi za wilaya wanazozijua kwa jina la babu tu.

Sisi hapa Tanzania tumepita njia mbalimbali, na yafaa tuzikumbuke, maana mawazo mengi tuliyo nayo juu ya "vyuo vya wenyewe" ni mabaki ya zamani hizo.

Wakati wa mkoloni hapakuwa na chuo kikuu katika Tanganyika. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, na hapo alishindana na Afrika Mashariki nzima. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akapata shahada yake ya M.A. mwaka 1952. Mtu anayepima kwa umbali angesema mtoto wa Butiama hana nafasi Edinburgh. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, alipoona akili ya mtoto yule, ndiye aliyemshauri baba yake ampeleke shule. Tuliangalie jambo hilo vizuri. Mtemi hakuwa mwalimu, wala hakuwa na mtoto wake katika shauri lile. Alimtazama mtoto, akapima, akasema.

Katika mwaka wa Uhuru, 1961, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa, kikianza na somo la sheria na wanafunzi wasiofika 20. Kutoka mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kijana wa Shinyanga aliyetaka uhandisi alitazama Nairobi. Kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka sheria aliitazama Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa mgeni mahali fulani, na nchi tatu zilijifunza kupokea wageni. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake.

Katika miaka ya 1970 serikali iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa kufuata mikoa na wilaya, ili sehemu zilizoachwa nyuma na mkoloni zisibaki nyuma daima. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ambayo shule zake zilikuwa chache kwa watu wake. Kisha, Novemba 1974, TANU ikapitisha Azimio la Musoma. Kuhusu chuo kikuu, Azimio lilisema kijana asiende chuoni moja kwa moja kutoka shuleni. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha aombe akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Shabaha yake ilikuwa njema: chuo kikuu kiwe cha watu wanaoijua kazi na wanaowajua wenzao. Lakini ilionekana upesi kwamba idadi ya waombaji, na hasa wanawake, ilipungua. Utaratibu huo ukalegezwa, kwanza kwa wanawake, na hatimaye ukaachwa. Hapa pana fundisho ambalo halijachakaa. Kila kizuizi kinachoongezwa njiani, hata kikiwekwa kwa nia njema, humwangusha kwanza yule aliyekuwa amebeba mzigo mzito zaidi.

Sasa tuje kwenye hali ya leo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilianza kazi mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja, na tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwenye chuo chenyewe. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha kila programu, masomo inayoyataka na alama zake. Usomeni mwongozo huo. Mtaona masomo, mtaona pointi, mtaona idadi ya nafasi. Hamtaona sharti linalotaka mwombaji awe wa mkoa fulani. Kwa kanuni, kijana wa Segese na kijana wa Oysterbay husimama kwenye mstari mmoja. Katika nchi hii, mtoto wa Msalala si mtu wa nje katika chuo chochote cha umma, na mwalimu anayemwambia kwamba ni mtu wa nje amemtungia sheria ambayo haipo.

Je, nasema kwamba umbali hauna maana? Sisemi hivyo. Umbali una nguvu, ila nguvu yake haimo katika kanuni. Imo katika mambo manne ambayo yote yanaanzia huku kwetu, na kwa sababu hiyo yanaweza kurekebishwa huku kwetu.

Jambo la kwanza ni tahasusi. Kijana wa mjini anayetaka udaktari anajua tangu kidato cha pili kwamba atahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa kuwa nyumbani au mtaani yupo mtu wa kumwambia. Wa kwetu mara nyingi hujua akiwa amekwisha kuchagua. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Milango imekuwa mingi zaidi, na kupotea njia kumekuwa rahisi zaidi. Mwanafunzi mwenye alama nzuri katika masomo ambayo programu haiyataki hana nafasi, hata angekuwa wa kwanza mkoani. Programu nyingine hutazama hata alama za kidato cha nne, kama vile Hisabati au Kiingereza. Kwa hiyo swali la "nitapata?" huanza kujibiwa miaka minne au mitano kabla halijaulizwa.

Jambo la pili ni habari na wakati. Katika miaka ya karibuni matokeo ya kidato cha sita yamekuwa yakitoka mwezi Julai, na dirisha la maombi hufunguliwa muda mfupi baadaye. Wakati huohuo wengi wa vijana waliomaliza huwa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Kijana aliyeacha nyumbani mtu wa kumfuatilia mambo huwahi. Aliyemwacha mama asiyekuwa na simu ya intaneti huchelewa, na anayechelewa hukuta nafasi zilizobaki. Halafu sisi tunasema alikosa kwa sababu ya alama.

Jambo la tatu ni hati. Mtoto aliandikishwa kliniki kwa jina moja, akaandikwa shuleni kwa jina jingine, na cheti cha kuzaliwa hakikupata kukatwa. Siku ya kuomba mkopo hutakiwa cheti kilichohakikiwa na RITA, na fomu iliyotiwa saini na serikali ya kijiji au mtaa, na kiapo mbele ya mtu mwenye mamlaka. Kila karatasi ni safari ya Kahama, na kila safari ina nauli yake. Hapa ndugu watumishi wa umma ndimo mlimo. Saini ya mtendaji inayochukua wiki mbili yaweza kumgharimu kijana mwaka mzima.

Jambo la nne ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na imewafikisha vyuoni watoto wengi wa wakulima. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Katika mwaka huohuo ada iliondolewa kwa kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali. Hizi ni hatua kubwa. Lakini mzazi asiyejua kwamba zipo huhesabu ada, nauli na chakula, akaona bora mtoto asiombe kabisa. Kijana wa namna hiyo hakukataliwa na chuo. Alijikataa mwenyewe hapa Segese, kabla barua haijaandikwa.

Na hapa ndugu zangu nataka tuangalie hesabu moja inayotudanganya. Mtu husema: "Tangu nianze kufundisha hapa, waliofika vyuo vikubwa ni wachache mno; basi nafasi ya mtoto wa huku ni ndogo." Hesabu hiyo ina tundu. Ili kujua nafasi ya mwombaji, huna budi kuwahesabu walioomba, kisha uone wangapi kati yao walipata. Asiyeomba haingii katika hesabu hiyo hata kidogo. Ikiwa katika vijana 20 wenye sifa waliomba 3 na wakapata 2, uchache wa wale 2 hausemi kwamba mlango ni mgumu. Unasema kwamba watu 17 hawakuufikia. Nimetoa mfano tu ili tuelewane, lakini kila mwalimu aliyepo hapa anaweza kuijaza mifano hiyo kwa majina anayoyajua. Uchache wa waliotangulia hutumika kuwakatisha tamaa wanaofuata, wanaofuata hawaombi, nao uchache unazidi. Mzunguko huo hauwezi kukatwa na Tume wala na chuo. Utakatwa na yule anayeulizwa swali.

Basi ampimeje? Nashauri maswali matatu, nayo yaulizwe kwa mpangilio wake.

Swali la kwanza: je, ana sifa? Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na programu, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Programu nyingine hutaka zaidi ya hapo. Udaktari wa binadamu hutaka masomo yote matatu ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na jumla isiyopungua pointi 6. Hili ni swali la ndiyo au hapana. Halihitaji busara, linahitaji mtu mwenye mwongozo mkononi.

Swali la pili: je, nafasi ni ngapi na wanaozitaka ni wa namna gani? Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana tunadhani kiwango cha chini ndicho kipimo cha kupata. Kiwango cha chini ni ruhusa ya kuingia uwanjani tu. Chuo hupanga waombaji wenye sifa kwa ubora wa alama zao, kikachukua kutoka juu mpaka nafasi zimalizike. Programu yenye sifa kubwa na viti vichache humaliza nafasi zake juu kabisa, mbali na kile kiwango cha chini. Programu isiyokimbiliwa, hata ikiwa katika chuo kilekile, yaweza kushuka karibu na kiwango. Kwa hiyo tusimwulize kijana "unaomba chuo gani?" tukaishia hapo. Tumwulize "unaomba programu gani katika chuo hicho?" Tofauti kati ya programu mbili za chuo kimoja yaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya vyuo viwili.

Tumchukue kijana, tuseme ana C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Jumla yake ni pointi 8. Sifa za udaktari anazo. Anayemwambia "huwezi" amesema uongo. Lakini anayemwambia "Muhimbili umepata" naye amesema uongo, kwa kuwa huko atakutana na wenye A na B kutoka nchi nzima. Jibu la kweli ni refu kidogo kuliko hayo: "Sifa unazo. Muhimbili ni pagumu kwa alama hizi, ukipenda omba. Omba pia udaktari Dodoma na Bugando, ukijua kwamba Bugando si chuo cha serikali na gharama yake ni nyingine. Na usikose kuweka uuguzi, maabara, au programu za kilimo na mifugo pale Sokoine, ambako alama zako zina nguvu zaidi." Kijana akisikia hivyo hajaahidiwa kitu, wala hajafukuzwa. Amepewa ramani.

Mkulima wa huku hapandi mbegu zote mahali pamoja. Mpunga huupeleka mbugani, mahindi na viazi huyaweka juu kwenye kichanga, ili mvua ikizidi au ikipungua asilale njaa. Maombi ya chuo yapangwe hivyo: moja la juu, mawili ya katikati, na moja ambalo kijana ana hakika nalo kwa kadiri mwanadamu awezavyo kuwa na hakika. Ikitokea amechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja tu, na afanye hivyo kabla ya muda kwisha.

Swali la tatu: je, waliomtangulia wenye alama kama zake walifikia wapi? Swali hili ndilo bora kuliko yote, nalo ndilo tusiloweza kulijibu, kwa sababu hatukuandika. Napendekeza kila shule ya eneo hili ifungue daftari moja. Lisiwe na mambo mengi. Liandike masomo ya kijana na alama zake, programu na vyuo alivyoomba, alivyopata na alivyokosa, na kama alipata mkopo. Walioishia shule zetu za kata wakaendelea kidato cha tano kwingine, waulizwe pia wanaporudi likizo. Mwaka wa kwanza daftari hilo litakuwa na majina machache. Mwaka wa tano litakuwa ndicho kipimo cha Segese chenyewe, nalo litamwambia mwanafunzi jambo ambalo hakuna mtu wa Dar es Salaam anayeweza kumwambia: mtu wa hapahapa, mwenye alama hizihizi, alifika pale.

Najua yapo maneno ya kupinga. Mwenzetu mmoja aweza kusema: "Tukiwaambia vijana kwamba wanaweza, tutawajaza matumaini ya bure, kisha watatulaumu." Nakubali kwamba matumaini ya bure ni dhuluma. Lakini kukata tamaa kwa bure ni dhuluma vilevile, na tofauti yake ni kwamba aliyekatishwa tamaa harudi kutulaumu, kwa kuwa hajui alichokikosa. Ndiyo maana kosa hili la pili tunalifanya mara nyingi zaidi, nasi tunalala usingizi.

Mwingine aweza kusema kwamba elimu si chuo kikuu peke yake, na kwamba Mwalimu katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alituonya juu ya shule inayowaandaa wachache kwa hatua inayofuata huku ikiwasahau walio wengi. Amesema kweli. Sikuja hapa kumdharau fundi wa VETA, mkulima wa pamba au mchimbaji. Tena ipo njia ya kupitia vyuo vya kati: kijana mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 katika fani inayotakiwa anaweza kuomba shahada, na wengi wamefika kwa njia hiyo wakiwa wamekomaa zaidi. Hiyo nayo mwambieni yule ambaye pointi zake hazikutosha. Kujitegemea maana yake ni mtu kuchagua kazi yake akiwa anaijua njia iliyo mbele yake. Aliyefungiwa mlango kwa kukosa habari hakuchagua.

Na kwa msichana, ndugu zangu, tuongeze uangalifu. Akiuliza "nitapata?", mara nyingi nyuma ya swali lake pana watu wanaongoja jibu la "hapana" ili mipango mingine ianze. Neno la mwalimu kwake lina uzito wa ng'ombe kadhaa. Tusilitoe kwa haraka.

Namalizia kwa wajibu wa kila mmoja. Walimu, someni mwongozo wa udahili kila mwaka, kwa kuwa sifa hubadilika, na mzungumze juu ya tahasusi na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, msingoje cha nne. Wakuu wa shule, fungueni daftari. Watendaji wa kata na vijiji, hati za wanafunzi zitangulie mbele ya hati nyingine katika miezi ya Julai na Agosti, na wazazi waelezwe mapema juu ya vyeti vya kuzaliwa, kijana akiwa bado kidato cha tatu. Viongozi wa Chama katika matawi, mnaofika nyumba ambazo mwalimu hafiki, pelekeni habari za mikopo na ufadhili kama mnavyopeleka habari za mikutano. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji fungu jipya la fedha kutoka Dodoma.

Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam ni takribani kilometa elfu moja, na basi huzimaliza kwa mchana na sehemu ya usiku. Umbali huo ni wa kweli, na unaisha. Umbali unaotokana na jibu lisilopimwa hauna mwisho, kwa sababu humfuata mtu mpaka kwa watoto wake. Mwaka huu kijana atakapokuja na karatasi yake ya matokeo na kuuliza kama atapata, mkaribisheni akae, mchukue kalamu, mjumlishe pointi zake pamoja naye, kisha mwambieni mlichokiona.